Hesabu ya Kumi

Watu wakinisifu kwa usafi siku hizi nanyamaza. Zamani sifa hiyo nilikuwa naipokea kwa mikono miwili, na mtu akisahau kunisifu nilimkumbusha kwa namna yangu, nikipita mbele yake na gauni jeupe lililopigwa pasi ya mkaa likakauka kama ubao. Nilikuwa nesi wa chuo cha ualimu pembeni mwa mji wa Dodoma, miaka ile ya ruksa. Nilitunza zahanati ndogo ya chuo, na mara moja kwa wiki nilifundisha huduma ya kwanza kwa wanafunzi wa mchepuo wa michezo, wale waliokuwa wakiandaliwa kwenda kuwa walimu wa riadha na mazoezi ya viungo katika shule za nchi nzima. Somo langu kubwa lilikuwa namna ya kuzuia damu inayotoka kwa wingi. Mchezaji akivunjika mkono mna muda, niliwaambia. Damu ikifunguka hamna.

Hilo nililisema vizuri. Nina sauti, na nina hasira za karibu, na mwalimu mwenye vitu hivyo viwili husikilizwa hata akikosea.

Nilianza kazi ile wakati wa uhaba, siku ambazo sabuni ilipatikana kwa foleni na gozi ya vidonda kwa bahati. Kwa darasa la wanafunzi thelathini na watano nilikuwa na kitambaa kimoja tu cha mazoezi, kipande cha shuka la hospitali lililochakaa. Basi nikabuni utaratibu. Mwanafunzi mmoja alilala kwenye mkeka, tukachukulia kwamba ana jeraha kwenye shavu la mguu. Wenzake wakapiga magoti kwa mstari. Wa kwanza aliweka kitambaa juu ya mguu, akanyoosha mikono, akagandamiza kwa viganja vyote viwili huku akihesabu kwa sauti mpaka kumi. Akifika kumi ananyanyua kitambaa, anampa wa pili. Wa pili naye anahesabu kumi, anampa wa tatu. Kabla kengele haijalia darasa zima lilikuwa limeshagandamiza, na kitambaa kilirudi mkononi mwangu kikiwa safi kilivyotoka. Wapishi jikoni walituzoea, wakawa wanahesabu nasi wakimenya viazi.

Wakaguzi walipopita waliusifu utaratibu ule. Mmoja aliandika kwenye daftari lake kwamba nesi huyu anajua kutumia kidogo alichonacho.

Kisha ruksa ikaja, biashara zikafunguliwa, na mitumba ikarudi. Pale mnadani palikuwa na marundo ya mashuka meupe kutoka Ulaya, mazito, hayana hata doa, na bei yake haikuwa ya kutisha. Nilinunua, nikakata, nikakunja pindo kwa mkono, nikapiga pasi. Katika miaka miwili nilikuwa na trunka nzima ya vitambaa. Ningeweza kumpa kila mwanafunzi cha kwake, akae amegandamiza kipindi kizima mpaka mikono imfe ganzi, ajue kazi hiyo ina uzito gani. Sikufanya hivyo. Vitambaa thelathini na vitano mikononi mwa wanafunzi ni vitambaa thelathini na vitano vya kufua, na vumbi la Dodoma mnalijua, unaanika cheupe unaanua cha udongo. Halafu utaratibu wangu ulikuwa unakwenda sawasawa na kengele. Na niliupenda, kwa sababu ulisifiwa. Kwa hiyo nisije nikasingizia uhaba. Nimewahi kumsimulia mtu habari hii mara mbili maishani, na mara zote mbili niliusingizia uhaba.

Mwaka ninaousema alikuwapo binti mmoja kutoka milima ya Kondoa, Mrangi, mtoto wa wakulima. Alikuwa mrefu, mkimya, hakuvua ushungi hata akikimbia, na mbio ndefu alizimaliza wakati wenzake bado wako nusu. Aliandika kila nilichosema. Ukitaka kujua nilisema nini wiki tatu zilizopita ungemuuliza yeye, asingekosea neno. Nilimfanya kiongozi wa kikundi cha huduma ya kwanza, na ule mkoba wa vitambaa tuliobeba kwenye mashindano nikamkabidhi yeye.

Siku moja katikati ya hesabu alinyoosha mkono. Alitaka kujua kama tukiachia baada ya kumi damu si itarudi. Nikamjibu kwamba darasani hakuna damu. Akasema ndiyo, ila kwao kuna tyubu ya baiskeli iliyochoka, baba yake anaweza kumpa, tukaijaza maji mekundu ya rosela na kuitoboa tundu, tukaifunga mguuni, kila mtu ataona kwa macho yake kinachotokea mkono ukinyanyuliwa. Darasa lilichangamka. Wengine walishaanza kubishana tyubu ifungwe vipi isivuje upande wa pili.

Mimi nilikuwa natazama vitambaa vyangu. Rosela haitoki kwenye kitambaa cheupe hata ukichemsha siku nzima.

"Nani atafua?" nikauliza.

Darasa likacheka, likamcheka yeye. Alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye atafua. Nilisikia vizuri sana, nikajifanya sijasikia, nikamwambia aliyekuwa amepiga magoti aendelee, nane, tisa, kumi, mpe mwenzako. Hakuuliza tena. Aliinama akaandika.

Mashindano ya vyuo yalifanyika uwanja mmoja upande wa Kongwa, kipindi kile cha upepo wa baridi unaokatiza nyika na kukuingia mpaka kwenye meno. Mistari ya uwanja ilichorwa kwa majivu. Upande wa kona ya mbali ardhi ilikuwa na vyuma vya kale, mabaki ya mashine za ule mradi wa karanga wa Waingereza, na watu wa huko wamevizoea, wanalima wakivizunguka. Waandaaji walikuwa wameondoa vilivyoonekana. Mimi nilipewa kiti kwenye turubai, meza ya mbele, jirani na mgeni rasmi. Kazi yangu ilikuwa kukaa uwanjani na kikundi changu, lakini niliitwa mezani nikaenda, kwa sababu kulikuwa na chai na maandazi na kwa sababu nilipenda kuonekana pale. Wanafunzi wangu niliwaacha upande wa pili na mkoba wenye vitambaa kumi na viwili, vimenyooshwa, vimekunjwa pembe kwa pembe.

Mbio za mita mia nne, kijana wetu alikuwa wa pili. Kwenye kona alitanuka nje ya mstari ili ampite wa kwanza, akajikwaa, akaanguka juu ya kitu. Kutoka mezani tuliona ameanguka tu, na watu wakacheka kidogo kama wanavyocheka mtu akianguka. Kikundi changu kilikuwa karibu naye, kikakimbia. Nikamwambia mgeni rasmi asiwe na wasiwasi, wale ni wanafunzi wangu, wanajua la kufanya. Nikanywa chai. Sijui nilikunywa kwa muda gani. Nakumbuka nilimaliza andazi.

Nilichoshtukia ni ukimya wa upande ule. Nikainuka, nikaenda, mwanzoni kwa mwendo wa kawaida kwa ajili ya heshima yangu, halafu nikakimbia.

Kijana alikuwa chali. Shavu la mguu lilikuwa limechanwa na kipande cha chuma kilichokuwa kimejificha kwenye nyasi, jeraha refu na la ndani. Pembeni yake wanafunzi wangu watano walikuwa wamepiga magoti kwa mstari. Kitambaa kimoja kilikuwa mikononi mwa yule binti, ananyoosha mikono kama nilivyomfundisha, viganja viwili, mgongo umenyooka, anahesabu kwa sauti. Saba, nane, tisa, kumi. Akanyanyua. Damu ikaruka ikamwingia kifuani. Akampa kitambaa mwenzake wa pembeni, na mwenzake akagandamiza akaanza moja, mbili. Vitambaa kumi na kimoja vilikuwa ndani ya mkoba, vimekunjwa.

Walikuwa wameshauzunguka mstari zaidi ya mara moja. Hakuna aliyekuwa amepagawa. Hawakupiga kelele, hawakukimbia hovyo, hawakusukumana. Ndilo darasa tulivu kuliko yote niliyowahi kuliona, na mchanga chini ya mguu wa kijana ulikuwa umelowa wote.

Nilimsukuma aliyekuwa na zamu, nikagandamiza kwa kitambaa kilekile, nikaagiza kingine, nikakiweka juu bila kunyanyua cha kwanza, nikaegemea kwa uzito wangu wote. Nikawaambia wamwinue mguu, na mmoja akaite gari. Tulimpakia nyuma ya Landrova nikiwa bado nimegandamiza, napiga magoti ubavuni mwake, gari linaruka kwenye makorongo. Binti alikuwa ameshika kichwa cha kijana asigonge bodi. Mikono yangu ilikufa ganzi, nikaendelea. Binti alinitazama. Macho yake yalikuwa kwenye viganja vyangu.

"Sista," akasema, "huachii?"

"Nyamaza," nikamwambia.

Tulifika hospitali. Damu ilihitajika, na yeye ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza, akatolewa, wakafuata wengine wawili. Kijana aliokoka. Mguu ulipona kwa taratibu, ingawa kukimbia hakukimbia tena. Daktari aliponiita pembeni aliniuliza nani alianza kumhudumia, kwa sababu angebanwa moja kwa moja tangu mwanzo asingefika amekauka kiasi kile. Nikasema ni wanafunzi. Nilisema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa niaba ya watoto wasiosikia. Daktari akatikisa kichwa, akanipa pole ya kazi ngumu. Nikaipokea.

Kijana alikuwa na wazazi, na wazazi walitaka kujua. Kwa hiyo mkuu wa chuo akaitisha kikao, yeye na wakufunzi wawili na mimi, katika ofisi yake. Binti akasimama mbele yetu, amefunga mikono mbele, ushungi umenyooshwa vizuri. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alimuuliza taratibu alifundishwa kugandamiza mpaka lini.

"Mpaka kumi, mkuu," akasema. "Halafu unampa mwenzako."

Mmoja wa wakufunzi akacheka puani. Ukiisikia hivyo ofisini, mbali na mkeka na mstari na wapishi, inasikika ni upuuzi mtupu. Mkuu akanigeukia, akaniuliza kama ndivyo nilivyofundisha.

Nimeirudia sekunde ile mara nyingi, na kila ninapoirudia huwa nayatafuta mazingira ya kunisaidia, kwamba niliogopa kazi, kwamba nilikuwa na watoto wa kusomesha, kwamba swali lilinikuta sijajiandaa. Si kweli. Nilikuwa nimejiandaa tangu ndani ya Landrova. Nilivaa miwani ya mbao, nikasema hesabu ya kumi ilikuwa ya zoezi la darasani tu, ili kila mtu apate zamu, na kwamba niliwaeleza wazi kuwa kwa mgonjwa wa kweli haiachiwi. Niliwaeleza zaidi ya mara moja, nikasema. Sikuwahi kuwaeleza hata mara moja.

Binti alinitazama. Nilitegemea atabisha, na nilikuwa na majibu ya kumbishia. Hakubisha. Kwetu mwanafunzi hamwambii mwalimu wake kwamba ni mwongo, mbele ya mkuu wa chuo, huku amesimama na wengine wamekaa. Alifungua mdomo akaufunga, akatazama sakafu, na mimi nikautumia ule ukimya wake, nikasema mnaona wenyewe. Waliitwa wawili wa kikundi chake wakaulizwa. Waliona upepo unakovuma, wakasema wao walimfuata kiongozi wao. Akaondolewa kwenye mchepuo wa michezo, akarudishwa nyumbani Kondoa kusubiri barua. Kurudishwa nyumbani kusubiri barua, kwa wanaojua vyuo vya wakati ule, maana yake ilikuwa basi tena.

Wiki mbili baadaye niliona mzee amesimama kwenye kibaraza cha zahanati, kofia mkononi, kikapu chini. Alikuwa ametoka kwao alfajiri akabadilisha basi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akabaki amesimama mpaka nilipomwambia akae mara ya tatu. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, chenye lafudhi ya kule milimani, na kila sentensi aliipima kabla ya kuitoa. Alisema yeye ni baba wa yule binti. Ameshakwenda kwa wazazi wa kijana aliyeumia, amewapelekea mbuzi, wamekaa wakazungumza, wamesameheana. Sasa amekuja kwangu.

Nilidhani amekuja kugomba. Nakiri, sehemu yangu moja ilitamani agombe.

"Mwalimu," akasema, "mtoto wetu amekuaibisha. Umemfundisha, hakushika. Tunakuomba radhi."

Akainua kikapu, akakiweka juu ya meza yangu kwa mikono miwili. Kulikuwa na jogoo aliyefungwa miguu, na kopo la asali iliyofunikwa kwa jani. Nilitakiwa kusema maneno matano tu wakati ule, mzee, kosa lilikuwa la kwangu. Kwa Kiswahili ni rahisi kabisa. Nikasema, "Yameisha, mzee wangu. Nimemsamehe." Macho yake yakalowa, akanishukuru. Jogoo nilimchinja Jumapili, tukamla, na wanangu wakasema mama leo umepika.

Ile asali ilinishinda. Nilikuwa nikifungua kopo nasikia harufu yake naiona mikono ya yule mzee. Basi nikaona nifanye jambo la kumsaidia binti, na jambo nililolichagua ni hili: nilimwandikia mkuu wa chuo barua ya kumwombea msamaha. Niliandika kwamba ni kijana, kwamba alikosea kwa kiwewe, kwamba mimi niliyemfundisha niko tayari kumpokea tena. Ilikuwa barua nzuri. Mkuu alinisifu, akasema Sista una roho ya peke yake, akawasomea wakufunzi wengine kwenye kikao cha asubuhi. Alikubali arudi, kwa sharti kwamba atasaini karatasi ya kukiri kuwa alikiuka maelekezo ya mwalimu wake. Akanikabidhi karatasi yenyewe niisainishe.

Mzee alirudi na binti yake, wakafikia kwa ndugu yao mjini, wakaja kwangu nyumbani jioni. Niliwakaribisha sebuleni, kwenye makochi yenye vitambaa nilivyofuma mwenyewe. Binti alisoma karatasi mpaka mwisho, akaisoma tena, akaweka kalamu chini. Baba yake alimsemesha kwa Kirangi, kwa sauti iliyozidi kupanda. Yeye akamjibu maneno machache, kisha akaniomba tutoke nje kidogo.

Tulisimama uani, kati ya kamba zangu za kuanikia. Nilisubiri alie au anitukane.

"Sista," akasema, "nikisaini hii, wenzangu watajua aliyekosea ni mimi peke yangu. Wao watajiona wako sawa. Watakwenda mashuleni na kumi yao, watawafundisha watoto."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Naapa sikuwa nimelifikiria hata siku moja. Nilikuwa nimewaza jina langu, nikawaza na jina lake kidogo, nikawaza asali. Wale thelathini na wanne waliobaki, kila mmoja akielekea mkoa wake na mstari wake wa magoti, hawakunipitia kichwani, na mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wao.

Nikamwambia nitalishughulikia. Akasema basi niwaambie. Niwaambie walifundishwa vibaya, hivyohivyo, ili wayafute yale ya zamani, maana wakiongezewa tu jipya juu ya la zamani watachanganya. Siku nitakayowaambia, yeye atakuja kusaini chochote ninachotaka, hata kama kitasema kosa ni lake, hajali. Aliyasema hayo bila ukali wowote. Kipindi changu kilikuwa Alhamisi. Tukakubaliana kwamba Ijumaa atapita.

Niliahidi. Nilimshika mkono nikaahidi.

Usiku wa Jumatano nilijipangia maneno. Nitaingia, nitasema kaeni, nitasema kuna jambo nililowafundisha ambalo ni kosa, na kosa ni langu, na yule mwenzenu alifanya kama nilivyomwambia. Niliyasema mbele ya kioo na yalitoka. Asubuhi nikapiga pasi gauni.

Darasa lilisimama nilipoingia. Safari hii nilibeba trunka nzima, nikagawa kitambaa kwa kila mmoja, na kila jozi ikapata nafasi yake sakafuni. Nikawaonyesha. Unagandamiza, huhesabu, huachii. Kikilowa unaongeza kingine juu, cha chini hukigusi. Unabaki hapo mpaka daktari akuambie nyanyua, hata kama ni saa nzima, hata kama mikono imekufa. Niliwaacha wakae hivyo kwa muda mrefu mpaka wakaanza kutoka jasho na kuugulia mabega, na darasa lilikuwa kimya kwa sababu hapakuwa na cha kuhesabu. Niliona wanaelewa. Ilikuwa imebaki sentensi moja. Walinitazama wote thelathini na wanne, na wale wanne waliobaki wa siku ile walinitazama zaidi, na nadhani walikuwa wanajua ninachotakiwa kusema kuliko ninavyojua mimi.

"Andikeni," nikasema. "Kugandamiza bila kuachia. Kama nilivyowafundisha tangu mwanzo."

Kijana mmoja wa mbele aliinua mkono nusu, akaniangalia usoni, akaushusha. Wote wakainama, wakaandika.

Ijumaa binti alikuja peke yake. Sikumkaribisha ndani na wala hakuomba. Aliniamkia shikamoo kwa adabu ileile, nikaitikia. Alisema jana jioni alikwenda bwenini kwa wenzake, wakamwonyesha madaftari yao. Ameyasoma. Akanishukuru kwa kuwa sasa hawataachia, na alimaanisha, maana hakuwa mtu wa kejeli. Kisha akatoa ile karatasi ndani ya daftari lake, haijakunjwa hata pembe, na pale pa sahihi palikuwa patupu.

"Hii nimeshindwa, Sista," akasema. "Pana nafasi ya jina moja tu, na si langu."

Akaniwekea mkononi, akaaga, akaenda zake stendi ambako baba yake alikuwa anamsubiri. Ualimu hakuupata. Nilisikia baadaye kwamba anauza nafaka huko kwao, ameolewa, ana watoto. Sijamfuata.

Jumatatu mkuu wa chuo aliniuliza imekuwaje. Nilimwambia binti amekataa kusaini, nimejitahidi kumsihi, lakini ni mkaidi.